Kivuli cha Barabara ya Juu

Nilipostaafu mwezi wa sita, vijana wa ofisi ya barabara waliniaga kwa keki, kanga mbili na ombi moja: "Mama, tuandikie." Nafikiri walitaka niandike nilivyopanda vyeo. Hayo yamo kwenye faili langu, na faili lenyewe, kama mafaili mengi ya ofisi yetu, halionekani. Nitaandika yale ambayo hayakuingia kwenye faili, hasa habari ya Barabara ya Juu ya Lukuyu. Kila mgeni anayeshuka pale siku hizi anauliza kwa nini barabara imekimbia ziwa, na kila anayeulizwa anajibu la kwake. Hili ni langu.

Naitwa Skolastika. Nimezaliwa Litembo, mtoto wa mkulima wa kahawa, nikakulia kwenye ngolo, yale mashimo tunayochimba Wamatengo kwenye miteremko tunapolima, ili mvua isiondoke na udongo. Kabla sijaingia chuo cha ufundi nilikuwa najua tayari kwamba maji hayabishani na mtu. Yanangoja ukosee, kisha yanapita. Chuoni walinifundisha jambo hilohilo kwa miaka mitatu, ila kwa hesabu.

Siku ya kwanza kazini, Mbinga mjini, nilivaa sketi ya bluu na viatu vilivyong'arishwa na mama. Karani aliniona, akafurahi, akanipeleka moja kwa moja kwenye mashine ya chapa. Nilikaa mbele yake karibu saa nzima, nikidhani labda fundi sanifu wa kike huanzia hapo. Kisha akaingia mzee mwembamba mwenye kofia ya kufuma, akiuliza fundi mpya yuko wapi. Nikasimama. Akatazama nyuma yangu kuona kama kuna mwingine.

"Ni wewe?"

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba. Basi vua hivyo viatu."

Huyo ndiye Mzee Hamisi, msimamizi wa vibarua. Babu yake alitoka Kilwa na marobota ya vitambaa akafungua duka Mbinga, na ukoo mzima ulikaa dukani isipokuwa yeye, aliyesema hawezi kushinda nyuma ya kaunta akitazama watu wanavyopita. Alinipa buti za mpira namba tisa, maana namba ndogo hazikuwepo. "Miguu itakua," akasema, akachana gazeti akazijaza mbele. Miguu haikukua. Nilizivaa miaka minne.

Hakuwa mtu wa kufundisha kwa maneno mengi. Alitembea mbele, nami nyuma na daftari. "Usiangalie barabara," aliniambia wiki ile ya kwanza. "Barabara inajipamba. Angalia mtaro." Nilijifunza kuingia ndani ya kalavati kwa magoti na kutoka na kilichoziba: majani, mchanga, siku moja godoro. Nilijifunza kwamba greda likishaharibika, kuligombeza ni kupoteza muda, mtafute aliyeliendesha jana. Na kwenye madaraja alinifundisha nyundo. Unagonga zege, unanyamaza, unasikiliza. "Zege zima linaitika kama kengele ya kanisani kwenu," alisema. "Likiitika kama kibuyu, ndani pameachana. Wewe andika." Yeye mwandiko ulimpa shida, ndiyo maana kila mara alimaliza na neno hilo. Wewe andika.

Mwaka wa pili akanishusha ziwani. Kutoka milimani barabara inateremka kwa kona nyingi, joto linaongezeka kila kona, na ukifika chini kati ya Lituhi na Mbamba Bay unaukuta mji mdogo wa Lukuyu. Zamani, nyuma ya nyumba kulikuwa na kinamasi cha mdomo wa mto ambacho hakuna gari lililoweza kukipita. Kwa hiyo waliotangulia walijenga barabara mbele, ufukweni, wakaiinua juu ya nguzo thelathini na moja za zege ili mto na mawimbi vipite chini. Ilikuwa kitu cha kushangaza. Watu wakaiita Barabara ya Juu. Miaka mingi baadaye nilisikia redioni watu wa Dar es Salaam wakifurahia barabara zao za juu, na wakati huo sisi tulikuwa tunahangaika jinsi ya kuiondoa yetu.

Mzee Hamisi aliijenga. Alikuwa kijana, akibeba zege kwa karai begani, na hapohapo Lukuyu ndipo alipomwona Bi. Zainabu akichota maji, akamwoa. Tulipofika chini ya barabara ile alibandika kiganja kwenye nguzo ya kwanza kama mtu anayempima mtoto homa.

"Huyu ni dada yako mkubwa," akaniambia. "Mimi nina wana wa kiume watupu. Mabinti zangu ni nyie wawili."

Chini ya dada yangu huyo kulikuwa na maisha. Wanawake walianika usipa, wale dagaa wetu wa Nyasa, kwenye vichanja vilivyopangwa upande wa jua, na wao wenyewe wakakaa upande wa kivuli wakichambua. Aliyewaongoza alikuwa Mama Tekla, mrefu, sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Siku ile alinitazama buti zangu.

"Dada, hizo ulizivaa au zimekumeza?"

Kuanzia hapo kila nikishuka nilikula ugali kwake.

Miaka ikaenda. Mzee Hamisi alistaafu, akahamia Lukuyu nyumbani kwa mkewe, hatua thelathini nyuma ya barabara ile. Mimi nikaachiwa nyundo na wilaya nzima. Malori ya makaa ya mawe yakaanza kupita, mazito, na kila moja lilipopita vichanja vilitetemeka na usipa ukaruka kama ungali hai. Kwenye nguzo nikaona michirizi ya rangi ya kutu. Nondo za ndani zilikuwa zinaoza.

Sasa nifike mahali ambapo ningependa kupita haraka, na sitapita.

Mwaka mmoja, mvua zilipoisha, niliikagua Barabara ya Juu nguzo kwa nguzo. Nyingi ziliitika vizuri. Saba ziliitika kama kibuyu. Ya kumi na tisa ilikuwa mbaya kuliko zote, na juu yake, chini ya njia ya magari, zege lilikuwa limevimba kama ukuta uliolowa. Niliandika yote kwa penseli kwenye daftari. Jioni nikapita kumsalimia Mzee Hamisi. Macho yake yalikuwa yameanza kuingiwa na ukungu. Bi. Zainabu aliniletea chai, na mzee akauliza swali lake la siku zote:

"Dada yako anaendeleaje?"

"Anaendelea, Mzee."

"Kumi na tisa?"

Nikanywa chai. "Anazeeka tu, kama sisi."

Akacheka, akaridhika. Nami niliporudi Mbinga nikakaa na fomu ya ukaguzi, nikaandika: *Hali kwa ujumla inaridhisha. Ufuatiliaji uendelee.* Nilijiambia kwamba nitarudi baada ya miezi mitatu nipime upya kwa uhakika. Nilijiambia zege huvimba hivyo miaka kumi bila kuanguka. Yote mawili yalikuwa kweli, na sikuyaandika kwa ajili ya ukweli wake. Sikuweza kumwandikia mzee yule kwamba binti yake anakufa.

Baada ya muda mfupi tu ndipo mjadala wa kuibadilisha ukaanza rasmi. Ofisi ya mkoa ilimtuma Injinia Fadhili, kijana mpole, mwenye michoro mitatu ndani ya bomba la plastiki. Mkutano ulifanyika darasani kwenye shule ya msingi, watu wazima tumebanana kwenye madawati ya watoto, magoti kifuani. Mchoro wa kwanza: kujenga barabara nyingine ya juu palepale, pana zaidi. Wa pili: kubomoa na kujaza tuta la mawe na udongo ufukweni. Wa tatu: kuipeleka barabara nyuma ya mji, chini ya kilima, kwa kuwa kinamasi cha zamani kilikuwa kimekauka sehemu kubwa.

Kila mchoro ulipata maadui kabla haujafunguliwa vizuri. Wavuvi walikataa wa kwanza, maana mitumbwi ilikuwa inavunjikia kwenye nguzo kila upepo ukivuma. Wenye maduka walikataa wa tatu: "Gari likipita nyuma, nani atanunua soda mbele?" Ukoo wenye makaburi chini ya kilima nao walikataa, mzee wao akisema kwa utulivu kwamba baba yake hajazoea kelele za malori. Mama Tekla alisimama akaukataa wa pili.

"Tuta ni ukuta. Mtatutenga na maji. Na hiyo mingine miwili, mnatuambia habari za magari tu. Sisi tunakaa wapi? Kivuli chetu kiko kwenye mchoro gani?"

Watu wakacheka. Injinia Fadhili hakucheka, aliandika. Kisha mwenyekiti akauliza kama jambo lenyewe ni la haraka. Injinia akafungua jalada, akasoma ripoti yangu kwa sauti. *Hali kwa ujumla inaridhisha.* Aliponitazama nithibitishe, nilitikisa kichwa kukubali. Mkutano ukaahirishwa hadi baada ya mavuno. Ningeweza kunyoosha mkono. Nilikuwa nimekaa dawati la mbele.

Wiki ya tatu baada ya hapo, asubuhi kweupe, lori lilipita na kipande cha zege kikadondoka kutoka juu ya nguzo ya kumi na tisa. Kilivunja vichanja viwili na mkono wa kulia wa Mama Tekla. Wenzake walisema aliinama kuokota usipa ulioanguka. Kama angekuwa amesimama, tungezika.

Walimpandisha hospitali ya misheni, Litembo, kwetu. Nilimkuta amelala, mkono umefungwa kuanzia begani hadi vidoleni. Alinikaribisha kwa furaha, na furaha ile ilinichoma.

"Umekuja, dada. Kaa. Wauguzi wananipa uji usio na sukari, wanadhani nimevunjika ulimi."

Nikakaa. Nikasema, "Mama Tekla, nilijua."

"Ulijua nini?"

"Pale juu palikuwa pameachana. Niligonga nikasikia."

Akanitazama. "Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ukaandika nini?"

Nikamwambia nilichoandika, neno kwa neno. Nikamwambia na sababu, habari ya Mzee Hamisi na chai, nikamwomba anisamehe. Hakupandisha sauti, yeye aliyeita watu ng'ambo ya mto. Aligeuza uso ukutani.

"Nenda ukawaambie wao," alisema. "Mimi nimeshajua."

Mkutano wa pili ulikuwa darasa lilelile, na watu wamejaa hadi madirishani. Nilisimama mbele ya ubao nikasoma daftari langu la penseli, nguzo kwa nguzo, kisha nikasoma fomu. Sikutaja chai. Hiyo haikuwa sababu ya kupewa watu walioumizwa. Pakawa na makelele, na mengine nilistahili. Mtu mmoja aliuliza kama wanetu wanaopita chini ya daraja kwenda shule nao "wanaendelea kufuatiliwa". Injinia Fadhili alikuwa ameinamisha kichwa. Nilimwaibisha na yeye.

Ndipo Mzee Hamisi akasimama pale nyuma. Bi. Zainabu alimshika kiwiko. Nilikuwa sijui kama amekuja.

"Mniwie radhi, sioni vizuri, sijui nazungumza nikielekea wapi," alisema. "Nguzo ya kumi na tisa tuliimwaga mvua ikinyesha. Nilikuwepo. Maji yaliingia kwenye zege, msimamizi akasema endeleeni, tukaendelea, kwa sababu tulitaka kurudi nyumbani. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Tangu hapo kila mwaka naigonga. Nimeigonga kama mtu anayeomba samahani. Na huyu binti nilimwambia daraja ni dada yake. Mtu huwezi kumwambia mwenzako kitu kama hicho, halafu utegemee ataandika kweli."

Akashika dawati lililokuwa mbele yake.

"Ibomoeni. Niliijenga mimi, nasema ibomoeni. Msingoje mavuno."

Siku hiyohiyo malori yakazuiwa, yakapelekwa kuzunguka mbali. Vichanja vikahamishwa. Na mjadala ukaanza kuwa mjadala, kwa maana watu hawakuwa wanagombania michoro tena. Walikuwa wanauliza tukae vipi.

Tulifanya jambo ambalo hakuna kitabu cha chuo kilichonifundisha. Tulichukua kamba na vigingi, tukatembea nyuma ya mji, njia ya ule mchoro wa tatu, na yeyote aliyetaka kuja: wavuvi, wenye maduka, mzee wa ukoo wa makaburi, na Mama Tekla, mkono kwenye kitambaa, ambaye alikuwa anaongea na kila mtu isipokuwa mimi. Palipokuwa na kaburi tulipinda. Palipokuwa na chemchemi tulipinda tena. Siku ya tatu Injinia Fadhili alitazama mstari wa vigingi akafuta jasho.

"Hii si barabara, hii ni nyoka."

"Vizuri," Mama Tekla akamjibu. "Nyoka hupita bila kugonga mlango wa mtu."

Wenye maduka walikubali walipoona kamba inapita karibu na mlango wa nyuma wa sokoni. Mmoja wao alianza kupaka rangi ukuta wake wa nyuma kabla vigingi havijakauka. Kilichobaki kilikuwa kivuli. Mama Tekla hakukiacha. Kila kikao alikirudisha, hadi Injinia akamweleza kwa upole kwamba kwenye orodha ya kazi kuna kuchimba, kujaza, kushindilia, kujenga makalavati, lakini hakuna mahali panapoitwa kivuli.

Hapo nilisema mimi. Nilikuwa na barua yangu ya onyo kwa ajili ya ile ripoti mfukoni tayari, kwa hiyo sikuwa na cha kuogopa. Nilisema barabara ile iliwapa wanawake hawa kivuli kwa miaka yote hiyo bila mtu kukusudia, na ukimwondolea mtu kitu unakiandika kwenye orodha, ama sivyo umekiiba. Tubuni mstari mpya. Injinia alichukua kalamu. Na hivyo, kati ya mistari ya kushindilia udongo na kupanda nyasi kwenye kingo, ukaingia mstari unaosema: *Paa la kivuli ufukweni, kwa ajili ya waanikaji wa usipa.* Uliulizwa na kila aliyeupitia kwenye ofisi za juu. Kila mara Injinia Fadhili aliujibu mwenyewe. Ninyi mnaofanya kazi sasa, mkiukuta mstari wa namna hiyo kwenye nyaraka za zamani, msiufute kabla hamjauliza nani aliupigania.

Ilichukua muda, kama yanavyochukua muda mambo yote yenye mihuri. Barabara mpya ilipofunguliwa, wakaja kubomoa ya zamani, wakaanza upande wa kusini. Mzee Hamisi alitoa kiti mlangoni. Nilikaa naye kwenye ngazi. Kipande cha mbele ya nyumba yake kiliposhushwa na vumbi likatulia, mwanga uliingia hadi ndani sebuleni. Hata yeye kwa macho yale aliuona.

"Kumbe ziwa liko karibu hivi," akasema.

Bi. Zainabu alitoka jikoni akijifuta mikono, akasimama nyuma ya kiti. "Mimi nilikuwa najua," alisema. "Nilipokuwa mtoto tuliliona tukiwa kitandani. Halafu mkaja ninyi na zege lenu."

"Miaka yote hukuniambia?"

"Ulikuwa unaipenda sana."

Mzee alimtafuta mkono kwa nyuma, akaupata, akaushikilia hadi adhana. Alifariki mwaka uliofuata, kipindi cha mvua, nasi tulishuka kutoka Mbinga kumzika kwa njia ile mpya yenye kona. Haikuwa na dimbwi hata moja. Niliangalia mitaro, njia nzima.

Mama Tekla na mimi tulisalimiana kwa kichwa kwa muda mrefu. Mkono wake ulipona lakini haukunyooka. Haupandi juu ya bega. Sikuwahi kumwomba anisamehe mara ya pili. Niliona kuomba tena ni kumwongezea kazi.

Mwezi uliofuata kustaafu kwangu nilishuka Lukuyu, sina ukaguzi, sina daftari, sijui hata nakwenda kufanya nini. Nikaenda hadi kwenye paa la kivuli. Wanawake walikuwa wanaanika kwa neti siku hizo, neti pana inayowambwa juu ya vichanja, na ilikuwa saa ya kugeuza usipa. Kazi hiyo inataka watu wawili, na wa kuinua upande wa juu lazima awe na mikono mizima. Mama Tekla alikuwa ameshika pembe moja kwa mkono wa kushoto, akitafuta mtu kwa macho. Akaniona.

"Nasikia wamekustaafisha."

"Wamenistaafisha."

"Kwa hiyo huna kazi."

"Sina."

Akaelekeza kidevu kwenye pembe ya pili. "Basi vua viatu, dada. Shika huko. Inua taratibu, usinimwagie."

Nikavua viatu, nikashika.